Nilivyotumia dawa za kupevusha mayai: nilipokosea na nilipopatia

Mwezi Machi 2021 nilimeza vidonge vyangu vya kwanza vya klomifeni nikiwa nimesimama jikoni kwangu Makorora, Tanga, kikombe cha maji ya mtungi mkononi, na hakuna daktari aliyekuwa ameniuliza hata swali moja. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenitajia dawa hiyo, kwa kuwa yeye ilimsaidia, akaniambia nimeze viwili kila siku kwa siku tano kuanzia siku ya pili ya hedhi. Muuzaji wa duka la dawa alinihesabia vidonge kumi vya miligramu 50, nikamlipa shilingi 18,000, na cheti hakuniomba. Simlaumu sana. Mimi ndiye niliyeingia dukani kwake nikiitaja dawa kwa jina kama mtu anayenunua panadoli.

Niliolewa Desemba 2018 nikiwa na miaka 28. Hedhi yangu haikuwahi kuwa na adabu tangu usichana: mwezi huu siku 40, mwingine siku 52, na mara moja ilikaa siku 71 mpaka nikaanza kujipigia hesabu za jina la mtoto. Nilikuwa pia na vinyweleo kidevuni, ambavyo nyumbani kwetu walisema ni dalili ya bahati na kwamba mwanamke mwenye ndevu hakosi fedha, kwa hiyo niking’oa ilikuwa kwa siri. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hedhi ya mbalimbali na vinyweleo vile vinaweza kuwa habari moja. Mavyaa wangu alipokuja kutoka Muheza na kikapu chake cha machungwa, alisema kwa upole kwamba nina chango, na akanipeleka Pangani kwa bibi mmoja aliyenichemshia mizizi. Bibi yule hakunitoza zaidi ya shilingi 5,000 na alinipokea kwa heshima. Siwezi kusema hivyo kuhusu mtu aliyeniuzia kwa simu “dozi ya kusafisha kizazi” kwa shilingi 120,000, ikaniharisha wiki nzima, na nilipompigia kumweleza akanijibu kwamba huo ndio uchafu unaotoka.

Kwa hiyo nilipofika kwenye klomifeni nilijiona nimeingia kwenye tiba ya kweli, na kwa upande mmoja nilikuwa sawa. Klomifeni ni dawa ya zamani, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1967, na kazi yake ni kama hadaa ndogo: inaziba milango ambayo ubongo huitumia kuipima homoni ya estrojeni, ubongo unadhani estrojeni imepungua, na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, inaongeza homoni ya kuamsha vifuko vya mayai ndani ya ovari. Lakini hadaa hiyo ina maana kwa mwanamke ambaye tatizo lake ni yai kutopevuka. Mwenye mirija iliyoziba atapevusha yai lisilo na njia, na mwenye mume ambaye mbegu zake ni chache atapevusha yai lisilokutwa. Mimi sikuwa nimepima mirija, wala mume wangu, wala hata kujua kama kweli mayai yangu hayapevuki. Nilianza vilevile na miligramu 100 kwa siku, wakati wagonjwa huanzishiwa 50, kisha huongezwa pale inapoonekana kwamba dozi ndogo haikufanya kitu.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Nilipatwa na joto la ghafla kuanzia shingoni, nikivua ushungi hata nikiwa chumba cha walimu, na nilikuwa na hasira ambazo wanafunzi wa darasa la nne bado wanazikumbuka. Kitu kinachonichekesha sasa, ingawa hakikunichekesha wakati ule, ni kwamba mume wangu ni dereva wa lori la saruji, na nilipokuja kulinganisha tarehe niligundua kwamba katika miezi hiyo mitatu, siku ambazo yai lingeweza kutoka, alikuwa nyumbani mwezi mmoja tu. Mwezi wa kwanza alikuwa Arusha na wa tatu Singida. Yai likitoka huishi kama saa 24, na mbegu huweza kuishi siku chache ndani ya mwanamke, kwa hiyo siku zenye maana ni tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza, nikaendelea kumeza.

Mwezi wa nne, Juni, siku ya tatu ya dozi, nilikuwa naendesha baiskeli kurudi nyumbani kama tufanyavyo wengi hapa Tanga. Ghafla upande wa kushoto wa macho yangu kukatokea cheche, vijidoti vya mwanga vinavyotembea kila nikigeuza kichwa, kama jua linapopiga juu ya maji ya Raskazone saa kumi. Nilimkosa kwa shubiri moja muuza mihogo aliyekuwa anavuka barabara. Nilishuka, nikaikokota baiskeli mpaka nyumbani, na usiku ule nilifanya jambo nililopaswa kulifanya Machi, nikasoma karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Iliandikwa kwamba kuona mwanga, ukungu au vitu mara mbili ni sababu ya kuacha dawa na kumwona daktari. Niliacha, vikabaki vidonge vinne, na baada ya siku kadhaa cheche zikaisha.

Daktari bingwa wa wanawake niliyemwona Agosti alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Nilikaa, nikaeleza habari zangu kwa dakika kumi nzima, naye akaandika bila kunikatiza, kisha akauliza, “Mumeo yuko wapi?” Nikamjibu kwamba yuko kazini. “Basi mwambie tiba yako inamsubiri yeye.” Hakukubali kuniandikia dawa yoyote ya kupevusha mpaka mambo matatu yajulikane, yaani mbegu za mume, mirija yangu, na hali ya homoni zangu. Nilitoka nimenuna. Nilikuwa nimeomba wanachama wa mchezo wetu wa fedha wanisogezee zamu ili nilipie dawa, na sasa naambiwa fedha zote zitaishia kwenye vipimo.

Mume wangu ni mtu mwema, na naandika haya kwa ruhusa yake. Hata hivyo ilimchukua wiki sita kukubali. Alisema kwamba yeye hana tatizo lolote na nguvu anazo, nami nikamweleza kama nilivyoelezwa, kwamba nguvu ni habari moja na mbegu ni habari nyingine. Kilichomgeuza hakikuwa maneno yangu bali ya kaka yake mkubwa, aliyemwambia siku moja baada ya swala ya Ijumaa kwamba hata yeye alipima zamani na hakupungukiwa kitu. Ukiweza, mtafute mwanamume mwenzake wa kumwambia; mke akisema peke yake husikika kama analaumu.

Maabara walimtaka akae siku mbili hadi saba bila tendo la ndoa, na kikombe kifike ndani ya saa moja bila kupoa. Hapakuwa na chumba cha faragha pale, hivyo alifanya nyumbani, akakitia kikombe kwapani ndani ya shati, akapanda bodaboda na kumsihi kijana aendeshe haraka lakini asirushe kwenye matuta. Kijana akamuuliza, “Mzee, umebeba yai?” Mume wangu anasema hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote alizowahi kusafiri, na huyu ni mtu aliyepeleka saruji nusu ya nchi. Majibu yalionyesha mbegu milioni 11 katika mililita moja, wakati kiwango cha chini kinachotumiwa na madaktari ni kama milioni 16. Daktari alisema si hali ya kukata tamaa. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo aache sigara, aache mirungi ya safarini, asikae na joto muda mrefu, na apime tena baada ya miezi mitatu. Alipima Januari, zikawa milioni 19. Fikiria kwamba mimi nilimeza dawa miezi minne kwa ajili ya kasoro ambayo nusu yake haikuwa mwilini mwangu.

Vipimo vya homoni vilinigharimu shilingi 140,000: tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa), homoni za kiume na nyingine. Hapa nina onyo moja la hesabu. Kabla ya kumwona bingwa, nilikuwa nimelipia maabara moja kipimo cha projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, cha “siku ya 21” ili kujua kama yai limepevuka, na jibu likasema halikupevuka, nikalia. Bingwa alipoliona alitikisa kichwa. Siku ya 21 ni kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, kwa kuwa kinachotakiwa ni kupima siku saba hivi kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 45 akipima siku ya 21 anapima kabla hata yai halijafikiria kutoka. Vivyo hivyo vile vijiti vya mkojo vya kutambua siku ya yai: kwangu vilikuwa vinaonyesha mistari miwili karibu kila siku, kwa sababu wengi wenye hali yangu, nitakayoitaja sasa hivi, huwa na ile homoni inayopimwa na vijiti hivyo juu wakati wote. Niliviweka kando.

Hali yenyewe, baada ya altrasaundi kuonyesha ovari zilizojaa vifuko vidogo vidogo pembeni kama shanga, ni ile inayoitwa PCOS kwa kifupi. Si uvimbe, ingawa mtaani husemwa hivyo. Ni vifuko vya mayai vinavyoanza kukua kisha vikasimama njiani, na hiyo ni moja ya sababu kubwa za mayai kutopevuka. Nilikuwa na kilo 84, na daktari aliniambia kwamba kupunguza hata asilimia 5 ya uzito huweza kurudisha mayai kwa baadhi ya wanawake. Kilo nne, basi. Nilizipunguza kwa kuacha sukari kwenye chai na chapati za asubuhi, na kwa kutembea jioni badala ya kupanda daladala. Alinipa pia metformini, dawa ya kisukari inayotumika pia kwa hali hii, ambayo wiki ya kwanza ilinivuruga tumbo mpaka nilipojua kuimeza katikati ya chakula, pamoja na asidi ya foliki ya kila siku, ambayo inatakiwa kuanzwa kabla ya mimba kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto.

Kipimo nilichokiogopa ni picha ya mirija, HSG. Nilikifuata Dar es Salaam mwezi Oktoba, nikipanda basi la alfajiri stendi ya Kange. Hufanywa damu ya hedhi ikishakauka na kabla ya yai kutoka, ili isije ikawa kuna mimba. Unalala juu ya meza ya eksirei, kifaa kinawekwa kwenye shingo ya kizazi, na dawa ya kuonekana kwenye picha inasukumwa ndani taratibu. Maumivu yake yalikuwa kama ya hedhi mbaya kuliko zote nilizowahi kupata, yakibana kwa dakika moja hivi kisha yakiachia, na nadhani yangezidi kama nisingemeza dawa ya maumivu saa moja kabla kama nilivyoelekezwa. Mtaalamu alinigeuzia kioo. Niliona pembetatu nyeupe, na kutoka kwenye pembe zake mbili nyuzi nyembamba zikinyooka, zikijikunja, kisha zikamwagika mwishoni kama moshi wa ubani. “Yote miwili iko wazi, dada.” Nilishuka mezani nikiwa nimejifunga pedi, na ndani ya basi la kurudi nililala kama mtoto. Nendeni na mtu. Mimi nilikwenda peke yangu kwa kubana nauli, na kubeba begi siku ile halikuwa jambo la busara.

Tulianza tiba yenyewe Februari 2022, na dawa haikuwa klomifeni bali letrozoli. Nilipofika nyumbani na kusoma karatasi yake nilikuta imeandikwa kuwa ni dawa ya saratani ya matiti, nikakaa kitandani na kumpigia daktari simu sauti ikitetemeka. Alinieleza kwamba ndivyo ilivyoanzia kweli, kwamba inapunguza utengenezaji wa estrojeni kwa muda mfupi na kuuamsha ubongo kwa njia nyingine. Alinieleza pia kuhusu utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha wanawake 750 wenye hali kama yangu: waliopewa letrozoli, asilimia 27.5 walijifungua mtoto hai, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliopewa klomifeni. Namshukuru kwa kunipa tarakimu hizo, kwa kuwa zilinifundisha pia upande wa pili: hata kwa dawa iliyo bora na kwa kuitumia hadi mizunguko mitano, walio wengi hawakupata. Kama angeniambia tu “Inshallah utapata,” ningevunjika mwezi wa kwanza.

Kila mzunguko ulianza kwa kipimo cha mimba, kisha dawa ya kuleta hedhi, kisha letrozoli siku tano kuanzia siku ya tatu, kisha altrasaundi ya ndani kuanzia siku ya 11 au 12. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kidonge ni sehemu ndogo ya tiba hii. Februari, kwa miligramu 2.5, kifuko kikubwa kilikuwa milimita 9 na kikabaki hapo. Bila altrasaundi ningedhani dawa imefanya kazi. Machi hatukutumia chochote, kwa kuwa mume wangu alikuwa na safari ndefu, na mara hii tulipanga kwa kalenda na si kwa matumaini. Aprili, kwa miligramu 5, daktari alisogeza kifaa, akasimamisha picha, akaweka msalaba mmoja mdogo ukingoni mwa duara jeusi na mwingine ng’ambo yake, namba ikatokea pembeni: milimita 20. Nililiangalia lile duara. Kwa miaka yote ile mwili wangu ulikuwa ukilisimamisha njiani, na sasa lilikuwa pale, moja tu, upande wa kulia. Moja ndilo tulilolitaka, maana dawa hizi huweza kuamsha zaidi ya moja, na kwa klomifeni kati ya wanawake 100 wanaoshika mimba, kama 5 hadi 10 hubeba mapacha. Watu husherehekea mapacha, lakini daktari haoni sherehe, anaona mimba yenye hatari zaidi.

Hedhi ilikuja. Iliniuma kuliko miezi yote ya kabla, kwa kuwa mara hii kila kitu kilikuwa sawa na bado haikuwa. Sikwenda kazini siku mbili. Mavyaa alipiga simu, nikamwambia ukweli kwa mara ya kwanza, pamoja na habari ya kikombe cha kwapani, ambayo mwanawe alikuwa amemficha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, mimi nilidhani unakula dawa za kuzuia.” Miaka mitatu yote alikuwa akidhani hivyo! Sikujua nicheke au nilie.

Mei tulirudia miligramu 5. Kifuko kilifika milimita 19, mume wangu alikuwa ameomba ruhusa ya siku sita, na Juni kipimo cha mimba kilionyesha mistari miwili. Wiki ya saba altrasaundi ilithibitisha kwamba mimba iko ndani ya mji wa mimba, na ni mtoto mmoja. Alizaliwa Februari 2023, msichana.

Nimehesabu gharama kutoka kwenye daftari langu, kwa kuwa wengi huniuliza. Tangu siku niliyomwona bingwa, vipimo vya homoni, vipimo viwili vya mbegu, picha ya mirija na safari yake, altrasaundi tisa, ada za daktari na dawa zote vilifika shilingi 935,000, zote kutoka mfukoni. Katika fedha hizo, letrozoli yenyewe ilikuwa shilingi 50,000. Kabla ya hapo nilikuwa nimetumia kama laki mbili bila faida, na zaidi ya fedha nilikuwa nimepoteza mizunguko minne ya dawa ambayo, kwa kawaida, madaktari huiwekea ukomo wa mizunguko sita hivi.

Mwaka jana kabla ya Idi, mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alikuja akitaka vile vidonge vinne vya klomifeni vilivyobaki, maana alisikia kwamba ninavyo. Nilikuwa nimeshamkabidhi mfamasia avitupe. Nikamwambia hivyo, nikamuuliza kama mumewe amepima, nikamwonyesha daftari na ukurasa wa majibu ya mume wangu. Alinitazama, akasema kwamba mimi nimeshapata wangu ndiyo maana najifanya daktari, akavaa viatu. Hajanipigia simu tangu siku hiyo. Daftari nililitia kwenye bahasha nikamwachia mama mdogo, na juzi mama mdogo ameniambia kwamba mdogo wangu hajalifungua, ila mumewe aliuliza ni la nini.